Pua ya Baba na Kitanda cha Magome

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, goti limetulia, na kikohozi kinakupa nafasi ya kulala. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaniuma masikio. Nimefika salama kwenye kazi yangu mpya ya ughaibuni, nimepewa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Nilicheka peke yangu, maana ni kama nimerudi nyumbani, tofauti ni kwamba ukuta wa huku haunuki.

Nakuandikia kwa sababu simu na wewe ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipiga kelele hadi mwenye nyumba akagonga mlango, na wewe ukanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha. Ujumbe wa simu nao unasema herufi zake ni kama sisimizi. Basi tuandikiane kizamani.

Sasa kitanda. Kile kiwanda cha gundi kinachemsha mifupa na ngozi nyuma ya ukuta wetu tangu sijazaliwa, na kikohozi chako kimetoka huko, hata ukibisha. Kitanda nilichokijenga pale kabla ya kuondoka ndicho kitakachokata ile harufu. Feni inavuta hewa chafu kutoka chumba cha masufuria, bomba linaishusha hadi kwenye chemba chini ya ardhi, kisha inapanda taratibu ikipenya katikati ya magome, vipande vya mbao na mboji. Kwenye unyevu wa magome hayo wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, na chakula chao ni gesi ileile inayotunyima raha. Wakila, hewa inayotoka juu ni safi. Najua umri wako wote wa kazi umeutumia kuua vijidudu wodini, na sasa binti yako anakuomba uwafuge. Usicheke.

Meneja amekubali wewe uwe mlezi wa kitanda. Ukimwagie maji asubuhi na jioni, na uniandikie kinanukaje. Kipimo cha mashine hakijafika, kwa hiyo pua yako ndiyo kipimo changu. Kitunze kama ulivyoitunza wodi yako, mikono hiyo naiamini kuliko yangu. Meneja amesema wazi: mwezi wa sita ukiisha harufu haijakatika, anakifukua na kurudisha bomba la zamani, lile lililokuwa likipuliza moja kwa moja kwetu. Nami sitaki kurudi nyumbani siku moja nikukute huna tena kifua cha kukoholea.

Msalimie jirani yetu Mama Cherehani.

Kitindamimba wako


27 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, goti halijambo, kikohozi ndicho chenye jambo, lakini tumeshazoeana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani, na mara hiyo nimeielewa.

Kazi yako naifanya. Asubuhi kabla wapishi wa gundi hawajawasha majiko mimi niko pale na mpira wa maji. Wiki ya kwanza, mwanangu, ilinuka hadi nikatamani wote wawili, wewe na kitanda chako, mhamie mbali. Lakini nilijikaza. Nimeweka kiti changu palepale pembeni, nakaa kutwa, maana mlezi akikaa mbali na mgonjwa hajui kinachoendelea. Na nina mwenzangu: yule paka wa ofisini wanayemwita Karani, kwa sababu humtazama kila anayeingia kama anataka kitambulisho. Amegundua kwamba kitanda kina joto. Kila asubuhi analala katikati ya magome, tumbo juu, mvuke unampitia pembeni. Hana habari na mtu.

Kulitokea tatizo dogo. Magome yaliota utando mweupe, nyuzinyuzi, na chini yake ute. Nikajua mara moja: wadudu wako wameshikwa na maradhi. Usiwe na wasiwasi, nimelishughulikia kwa uzoefu wangu.

Sasa habari yenyewe, nimeiweka mwisho ili uisome ukiwa umekaa. Harufu imekwisha. Sitii chumvi. Nakaa juu ya kitanda, navuta pumzi hadi vifungo vya shati vinalalamika, sinusi kitu. Nimezaa mtu mwenye akili.

Baba yako


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Uhali gani? Mimi ni mzima mno, nimeruka juu ya kiti cha ofisi na kiti kimevunjika mguu.

Imekwisha kabisa? Mapema hivi? Sikutarajia. Kwa kawaida vijidudu huchukua muda kukaa na kuzaana. Mkuu wangu wa kazi alipoona nacheka peke yangu aliichukua barua akasoma, akaita wenzake, nao wakasoma. Sasa wewe ni mtu maarufu huku. Wameamua kujenga vitanda vitatu kwa mchanganyiko ule ule wa magome, kwa ushahidi wa pua ya Bwana Usafi. Nimewaambia hospitalini walikuita hivyo, wakapiga makofi.

Nina maswali mawili tu. Ule utando mweupe ni mzuri, Baba, ni ukungu unaokaa pamoja na vijidudu, haudhuru. Uliushughulikia vipi? Na Mama Cherehani anasemaje? Yeye dirisha lake linaangalia kitanda, naye si mtu wa kuficha neno.

Kohoa kidogo kidogo.

Kitindamimba wako


18 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba, na pole kwa kiti. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi.

Umeniuliza nilifanyaje. Mwanangu, wewe ndiye uliyeniambia nikitunze kama wodi. Nikaenda hospitalini kwa yule mtunza stoo niliyemfundisha kazi, akanipa dawa ile ya buluu ya kusafishia sakafu ya chumba cha upasuaji. Kila alfajiri nachanganya ndoo moja, nakimwagia kitanda chote, kisha napitisha brashi. Nimepunguza ukali wake ili wadudu wako wasichomeke macho. Utando umekwisha. Ute umekwisha. Mvuke nao umekwisha, hakitoi tena jasho asubuhi. Ukikiona utadhani ni shuka la daktari mkuu. Karani ndiye amekasirika. Halali tena pale. Anakanyaga mara moja, anakung'uta mguu, anaondoka. Usafi una watu wake.

Mama Cherehani, kwa kuwa umeuliza, ana jambo lake. Amehamishia cherehani chumba cha nyuma, dirisha amelipigia ubao. Ananionyesha macho yake mekundu na kuziba pua kwa vidole viwili kila nikipita. Nadhani bado ana kinyongo kuhusu ule uzio tuliogombania zamani. Mimi sinusi kitu, wala sabuni sinusi, wala kitunguu. Chakula chenyewe siku hizi hakina ladha, nadhani viungo vya dukani wanavichakachua. Juzi sufuria iliungua mpaka ikawa nyeusi nami nimekaa palepale nasoma gazeti. Mama Cherehani akaja mbio na ndoo ya maji. Nilicheka, yeye hakucheka.

Jambo la mwisho. Siku ya mwisho ya mwezi kiwanda kinazima mitambo kwa matengenezo. Fundi wa umeme atanizimia feni, nami nitafungua mfuniko wa chemba nishuke kupiga deki. Maji meusi yametuama humo. Nilichungulia jana kidogo. Usihofu, humo ndani hakunuki hata chembe.

Baba yako anayekupenda


29 Aprili

Baba,

Barua yako imefika leo. Sijui hata nianze na shikamoo au nianze na kulia. Shikamoo. Usiingie. Usiingie humo, Baba. Usiingie.

Nimesimama katikati ya ofisi, barua mkononi, watu wananiuliza nini. Nimempigia Meneja, simu imezimwa. Nimepiga mapokezi ya kiwanda, inaita mpaka inakata. Nimempigia Mama Cherehani mara sijui ngapi. Mwishowe amepokea, mtandao ukawa unakatikakatika, nikapiga kelele, "Baba, kesho, chemba, asiingie!" Akasema, "Nani? Chemba gani?" kisha ikafa. Sijui alisikia nini. Hati yangu ya kusafiria iko ofisi ya uhamiaji, na wamefunga mpaka wiki ijayo.

Barua hii itakufikia baada ya kila kitu, najua. Naiandika kwa sababu mikono yangu haijui ifanye nini kingine.

Baba, humo ndani kunanuka. Kunanuka kuliko mahali popote ulipowahi kukanyaga. Wewe ndiye husikii harufu. Ile gesi ya vitu vilivyooza, ikiwa kidogo inanuka mayai viza, ikizidi inaua kwanza pua. Mtu anasema afadhali, imeisha, anavuta pumzi moja tena, na anaanguka pale pale. Ukizima feni ndiyo inajikusanya. Na wewe pua yako imekufa zamani, umeniandikia mwenyewe kila kitu: sabuni, kitunguu, sufuria. Nimesoma yote kwa mpigo mmoja.

Na kitanda kimekufa. Joto lile alilolalia Karani lilikuwa la vijidudu wakila. Umewapa dawa ya chumba cha upasuaji, Baba. Umewaua wote, kwa upendo. Mama Cherehani hana kinyongo. Amekuwa akivuta hewa hiyo miezi yote hii, na mimi huku napigiwa makofi.

Kama unaisoma hii ujue umeisoma ukiwa hai, na hilo tu ndilo ninaloomba.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Najua Mama Cherehani amekwisha kukupigia kwamba nipo. Lakini hakukueleza yote, kwa sababu hasira zilimkaba. Nimepokea barua yako jana. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Siku ile fundi alizima feni kisha akaenda kwenye mitambo mingine. Nilikuwa na ndoo, brashi na buti zangu za wodini. Nikafungua mfuniko. Karani alikuwa miguuni pangu kama kawaida yake. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Hapo kitu kikanipiga mgongoni, kizito, chepesi, sielewi. Nageuka, naona robota zima la kitambaa cha sare za shule limefunguka juu yangu, na Mama Cherehani yuko juu ya ukuta, sketi imenasa kwenye vigae vya chupa, mdomo umefunguka mpaka naona koo. Alikuwa amebandua ubao wa dirisha akapanda. Bila shaka alikuwa anapiga kelele muda mrefu. Sikusikia hata herufi.

Nilikasirika, mwanangu. Nilitoka pale nikiwa nimejaa hasira, nikamfuata ukutani kumwambia kwamba ameniharibia kazi na sare za watoto wa watu. Yeye ananionyesha tu nyuma yangu kwa kidole. Nikageuka.

Karani alikuwa ameshuka. Alikuwa kwenye ngazi ya tatu, amelala ubavu, vizuri kabisa, kama anavyolala kitandani. Nikamwita. Nikapiga kiganja pajani kama nifanyavyo. Nilitaka kurudi nimchukue, ni hatua chache tu, mkono ungemfikia. Mama Cherehani aliruka kutoka juu ya ukuta ule, na umri wake huo, akanishika kola. Kola imechanika. Tulisimama pale wote wawili tukimtazama paka, na tumbo lake halikupanda wala kushuka.

Mpaka leo nikifumba macho namwona. Nilikuwa nimevuta pumzi pale mdomoni mwa chemba, pumzi nzito, nikajisemea moyoni: safi kama wodi.

Daktari amenichungulia puani na taa. Ameniandikia kwenye karatasi kwamba huenda harufu itarudi, huenda isirudi, na kwamba nimetumia dawa zile kali umri mzima bila kuziba uso. Masikio yameniacha, sasa pua nayo. Sijui nimebakiwa na nini cha kukufanyia kazi. Miezi yote hii nimekuandikia uongo bila kujua, na wewe ukausoma mbele za watu.

Mama Cherehani nimekwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti. Hakunipa uso.

Baba yako


14 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana. Pole kwa Karani. Nimelia kwa ajili ya paka ambaye sikuwahi kumgusa, na wenzangu hapa wanadhani nimefiwa na ndugu.

Nimemweleza Mkuu ukweli wote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Vitanda vitatu vimesimamishwa. Kuhusu mimi bado wanajadiliana, na sitaki uniulize hilo kwa sasa.

Nimezungumza na Meneja, naye alikuwa amepigwa na butwaa kuliko sisi. Mfuniko amewekea kufuli, feni haizimwi tena ovyo. Lakini tarehe yake haijabadilika, mwisho wa mwezi wa sita.

Kwa hiyo nisikilize, na usibishe. Dawa ya buluu irudi stoo. Toa nusu ya magome, weka mapya, na kitanda chote ukioshe kwa maji matupu mpaka yanayotoka yasiwe na povu. Kisha nenda kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, waombe ndoo za lile tope jeusi la chini, ulimwage juu ya magome na ulichanganye. Ndiyo, Baba. Tope la majitaka. Kwa mikono yako. Vijidudu ninaowataka wanaishi humo.

Na usiniambie hujui umebakiwa na nini. Una viganja. Kila asubuhi ingiza mkono kwenye magome mpaka kiwiko na uniambie unahisi nini. Usikae kutwa pale. Weka kiti chako upande wetu wa ukuta.

Mwanao, Kitindamimba


22 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Kikohozi kipo, ila siku hizi kinakuja kama mgeni, si kama mpangaji.

Tope nimelibeba. Mimi, Bwana Usafi, nimepita barabarani na mkokoteni wa uchafu wa mji mzima, watu wakinipisha njia kwa heshima ambayo sikuipata hata nilipostaafu. Mtunza stoo alinikuta njiani, akatazama ndoo, akanitazama mimi, akaenda zake bila salamu. Nimelichanganya kwa mikono hii ambayo niliiosha mpaka ikapauka, nikajihisi kama nimemwaga kinyesi kwenye kitanda cha mgonjwa. Lakini nilifanya, kwa sababu umesema.

Nimeingiza mkono kila asubuhi. Baridi. Kila asubuhi baridi, kama kuingiza mkono kwenye kaburi, nami nikawa namkumbuka Karani niliyemzika pembeni mwa kitanda hicho. Sikukuandikia, kwa sababu nilishakuandikia ya uongo ya kutosha na sikutaka nikuandikie ya kukuvunja moyo. Meneja alipita akanionyesha kalenda.

Wiki iliyopita niliingiza mkono bila kutegemea kitu, nikashtuka nikauchomoa. Nilidhani nimeungua. Nikautazama, uko mzima. Nikauingiza tena polepole. Mwanangu, kuna joto. Ni joto la kitu kinachopumua, kama shingo yako ulipokuwa mtoto una homa nikikushika usiku. Nimekaa chini kwenye matope na suruali yangu safi, mkono ndani hadi kiwiko, nikalia kama mtu asiye na adabu. Na ule utando mweupe umerudi. Sijaugusa. Naugeuzia mgongo ili nisishawishike.

Meneja alikuja jana, akasimama juu ya kitanda, akavuta pumzi, akainua kidole gumba. Mimi sikumwamini. Meneja ni meneja. Na pua yangu ndiyo hivyo, niliweka kitunguu kilichokatwa chini yake asubuhi hii, hakuna kitu.

Lakini leo nilipokuwa nakunja mpira wa maji niliona kitu kinatikisika upande wa pili. Mama Cherehani ameng'oa ule ubao aliokuwa ameupigilia tena. Amefungua dirisha lote, vioo vyote viwili, na cherehani yake iko palepale ilipokuwa zamani, anashona. Aliinua uso akaniona. Akasema neno, refu kidogo. Sikulisikia, na sijui kama alikuwa ananitukana au ananisalimu. Nilimtazama vidole tu. Vyote vilikuwa kwenye kitambaa, hakuna hata kimoja puani.

Baba yako, mlezi wa kitanda